Jecha wa Boflo Kafiwa na Adui Yake

Wewe msomaji unanikera. Weye hasa, usigeuke nyuma kutafuta mwengine. Juzi nimetia picha ya tanuri la mkate la Kiponda, moshi unafuka, matofali meusi tititi, ukaja mbio kuandika "urithi wetu huo" na vimoyo vyekundu safu nzima. Haikupita saa nikakuona Darajani na mkate wa nailoni kwapani, ule unaokuja umeshakatwa vipande, utadhani kwenu kisu kimeharamishwa. Vidole vyako vinapenda boflo, miguu yako inakwenda kwengine. Mtu gani huyo?

Sasa kaa kitako nikuhadithie mwenye tanuri lile. Tena usome mpaka mwisho, maana nakujua: maneno yakizidi kiganja unakimbilia video ya paka.

Mwenyewe anaitwa Jecha. Kwao Tumbatu. Kaja mjini kijana anayetaka kazi yoyote isiyokuwa na maji ya chumvi, akaangukia kwa mzee mmoja wa Kishihiri aliyekuwa akichoma mikate Kiponda. Kama hujui boflo, na siku hizi nakutana na watu hawalijui, ni ule mkate wetu mrefu, ganda gumu kidogo nje, laini ndani, unaumega kwa mkono ukauchovya kwenye chai ya maziwa au ukafutia mchuzi wa pweza. Hauna vipande. Hauna tarehe ya kuharibika iliyopigwa muhuri, kwa sababu kuharibika kwake ni jioni hiyo hiyo.

Mzee yule alikuwa na wanafunzi wawili: Jecha, na Abdulwahid, mtoto wa mjini, mdomo kama cherehani. Mzee alipofariki Jecha akabaki na tanuri. Abdulwahid akachukua chumba cha mbele yake, upande wa pili wa kichochoro, akajenga lake. Kichochoro chenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ukimuuliza Jecha sababu ya ugomvi, atakwambia Abdulwahid alianza kunyunyiza habbasoda, zile mbegu nyeusi, juu ya boflo bila ya kuulizwa na mtu. Abdulwahid yeye alikuwa akisema aliondoka kwa kuogopa mguu wake, maana mkate wa Jecha ukikuangukia unalala hospitali. Mie nimezaliwa ghorofa ya juu ya tanuri la Jecha, mashati yangu yote ya skuli yalinukia mkate, na sijapata kusikia sababu ya tatu.

Lakini ulikuwa ugomvi mtamu. Watu wakitoka sala ya alfajiri, milango miwili inafunguliwa pamoja. Jecha anatoa mkate wa mwanzo, anaugonga kwa kucha ili mtaa usikie ganda lilivyolia. Abdulwahid, mikono imejaa unga, anatangaza kuwa mwenye shida ya nanga ya ngalawa aende kwa Mtumbatu, leo zimeiva vizuri. Jecha anajibu kuwa mwenye kupenda mkate wenye inzi avuke, inzi wenyewe hawatozwi. Inzi ndiyo habbasoda, umeshafahamu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi, isipokuwa Idi, siku ambayo walitukanana kwa upole na kanzu mpya.

Na mtaa ukagawika. Palikuwa na nyumba za Jecha na nyumba za Abdulwahid, kama watu wanavyogawika kwa mpira, na mtu alizaliwa upande wake hakuchagua. Nakumbuka harusi moja, bwana harusi wa nyumba ya habbasoda, bibi harusi wa nyumba isiyotaka hata kuisikia. Wazee walikaa kikao kizima kuamua asubuhi ya kwanza mezani patawekwa mkate gani. Wakaamua chapati.

Wake zao tu ndio hawakujali. Bi Riyama wa Jecha na Bi Ummkulthum wa Abdulwahid walikuwa mashoga tangu usichana, sahani za futari zikipita mlango wa nyuma, na kila mmoja alikula mkate wa mumewe kwa adabu na wa jirani kwa siri. Hilo kaniambia Bi Riyama mwenyewe na kanipa ruhusa ya kuandika. Kasema, "Andika tu, hasomi yule."

Kitu kimoja nataka ukishike hapa. Katika matusi yote yale, hakuna hata mmoja aliyethubutu kuuza mkate wa jana. Angeuuzaje? Mwenzake yuko hatua mbili mbele yake, macho yamemtoka, anasubiri hilo tu.

Halafu ikaja kampuni.

Jina silitaji, mawakili wao wanasoma sana kuliko nyinyi. Ni kampuni kubwa, ya bara, na ubaya wake ni kwamba si mbaya. Nilitaka sana iwe mbaya, ingenirahisishia kazi. Haikumpiga mtu, haikumtisha mtu. Ina ngano yake, ina kinu chake cha kusagia, ina meli ya kuvushia, ina kiwanda nje ya mji, ina magari, ina mifuko yenye picha ya mtoto anacheka. Jecha yeye ananunua unga dukani, polo moja moja, na polo lenyewe limeandikwa jina la kinu cha kampuni hiyo hiyo. Yaani hajawasha hata kuni, adui keshapata chake. Nilipomwambia hivyo aliniuliza kama nimekuja kununua mkate au kuusomea.

Nyinyi mnadhani kampuni kubwa humeza wadogo kama papa anavyomeza dagaa, kwa kuachama mdomo. Si hivyo. Papa hana haja ya kujisumbua ikiwa dagaa wenyewe wanakuja mmoja mmoja kumnong'oneza wenzao wamejificha wapi. Na hilo si fumbo, ndivyo ilivyokuwa, ngoja.

Kampuni ilimtuma msichana anaitwa Nadra. Kasoma chuo huko Tunguu, mtoto wa watu, ana adabu na ana viatu vya kutembelea. Kazi yake ilikuwa kujua mjini nani anauza mkate wa nani, ili wa kwao uingie. Akasimama mlangoni kwa Jecha akamwamkia shikamoo. Jecha akamwitikia marahaba, akamwambia kama anataka mkate umekwisha, na kama anataka inzi avuke. Nadra akaeleza kilichomleta, bila ya kuficha hata neno. Anatafuta maduka.

Jecha akafikiri. Na hapa ndipo alipofanya lile ambalo lingefanywa na mtu yeyote wa Kiponda mwenye adui mzuri. Alimwambia maduka yangu usiyaguse mwanangu, lakini huyu wa mbele yangu ana maduka Mchangani, ana Malindi, ana na yule muuza supu wa Mkunazini, nenda kawaambie, watakupokea. Akamtajia moja moja. Hata kiti alimtolea.

Alifurahi wiki nzima. Kila duka la Abdulwahid lililochukua mkate wa kampuni, Jecha alipita mbele ya mlango wa mwenzake akipiga mluzi. Kilichomtatiza ni kuwa Abdulwahid naye alikuwa akipiga mluzi. Na maduka ya Jecha mwenyewe, wallahi hakufahamu kwa nini, nayo yakaanza kumkimbia. Akasema mambo ya msimu hayo, yatarudi.

Hayakurudi, lakini mtaa ulibaki. Nyumba za Jecha na nyumba za Abdulwahid hazikutaka kusikia habari za nailoni, maana ungeonekana umehama upande. Maduka machache ya Kiponda nayo yalikuwa na makapu mawili, la huku na la kule. Matanuri mawili yakaendelea kuwaka kwa watu hao tu, na matusi kama kawaida.

Mwaka jana, kusi imeanza kuvuma, Abdulwahid akafariki. Hakuugua. Alisali isha, akalala, hakuamka. Innalillahi. Habari zilimfika Jecha anatia mikate tanurini.

Nilikuwa dirishani. Nikamuona anauweka chini ule ubao mrefu wa kutilia mikate. Akavuka kichochoro, safari ambayo maisha yangu yote sikupata kumuona akiifanya. Aliporudi aliitoa mikate yote, haijaiva, nyeupe kama maini ya papa, akachukua ndoo akaumwagia moto maji.

Tanuri la matofali halizimwi kwa maji. Yeye ndiye aliyetufundisha hivyo tukiwa wadogo, tena kwa kibao cha utosi: likipoa ghafla linapasuka, na likishapoa si kitu cha kurudi kesho. Bi Riyama akatoka mbio, mtandio begani, akamuuliza kapatwa na nini, watu asubuhi watakula nini.

"Mwenzangu yuko kwenye jeneza," Jecha akasema. "Mie nchome mikate nimuuzie nani, Riyama? Nimtukane nani?"

Na hakuishia hapo. Alizunguka duka kwa duka Kiponda, kwa miguu, akawaomba kwa heshima ya marehemu wasiuze boflo, la kwake wala la mtu mwengine, mpaka siku ya tatu ipite na hitma isomwe. Wote wakakubali. Ndivyo tulivyo sisi, mtu akifa redio zinazimwa, shughuli zinasimama, wasiosemezana wanakaa mkeka mmoja. Hakuna aliyeona ajabu.

Kampuni lakini haifiwi. Nimesoma mengi kuhusu biashara kwenye simu kama hiyo yako unayotazamia paka, na hilo sijaona limeandikwa. Wanasema mtaji, wanasema teknolojia. Mie naona jambo kubwa ni kwamba kampuni haina jirani. Haina siku ya tatu. Mkurugenzi akifa asubuhi, mchana mkate unatoka laini vile vile.

Matangani watu wanataka chai, chai inataka mkate, na mtaa mzima hauna mkate kwa sababu mchomaji mmoja kafa na wa pili anamlilia. Sasa Talib, mtoto mkubwa wa marehemu, ni dereva wa kampuni ile. Ndiyo, mtoto wa mchoma mikate anaendesha keri, kile kigari cha mizigo, cha kiwanda cha mkate. Mtaa mzima tulilijua na tuliitunza siri ile vizuri sana, marehemu peke yake ndiye aliyekuwa hajui, au alijitia hajui. Basi wenzake Talib wa kazini, kwa kumhani mwenzao, wakaja na makreti ya mkate yamejaa gari. Rambirambi. Wewe ungekataa?

Tukala. Jecha alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa adui yake, kanzu imekunjana, akapewa kikombe na vipande viwili. Alitafuna muda mrefu, kama mtu anayesubiri kile kitu kimjibu. Hakikumjibu. Akameza.

Wakati huo Nadra alikuwa anapita madukani, ambayo kwa siku tatu hayakuwa na hata punje ya boflo. Aliwapa rafu. Rafu za kioo, zina taa ndani, za bure kabisa, na sharti moja tu: juu ya rafu hiyo usikae mkate mwengine. Sharti dogo. Lakini duka la Kiponda unalijua, ukiingia na mwavuli mwenye duka anatoka. Rafu ikakaa pale pale yalipokuwa makapu ya boflo. Makapu yakahamia juu ya friji, kisha stoo, kisha yakatiwa mbatata.

Jecha alipowasha tena, tofali mbili zilianguka ndani na ukuta ukafanya ufa. Akaukandika kwa udongo, akangoja ukauke, akawasha pole pole. Alipotoka na mikate mkononi kila mwenye duka alimwamkia, alimpa pole, alimuuliza na mgongo, halafu akamwambia mzee wangu, pa kuweka sina.

Bado nyumba za mtaa, utasema. Mie pia nilidhani. Nilidhani sasa Jecha atakuwa mfalme, kabaki peke yake, nyumba za Abdulwahid watahamia kwake. Hawakuhamia. Wao ni watu wa habbasoda, mpaka kaburini. Waliona heri nailoni, isiyokuwa ya mtu, kuliko kuvuka kwenda kwa Mtumbatu na marehemu hata udongo haujakauka. Na nyumba za Jecha wenyewe wakalegea. Asubuhi ilikuwa kimya. Hakuna anayekuamsha kwa habari za nanga, hakuna inzi, hakuna kicheko kinachopanda mpaka dirishani. Mtu anaamka saa mbili, anakumbuka mkate, dukani upo, umeshakatwa.

Jecha alitoka kila siku, akaugonga mkate kwa kucha, akautazama mlango wa mbele. Umefungwa. Niliona mdomo wake unafunguka, neno liko tayari, kisha anaufunga.

Siku moja nikanunua boflo kwake, nikaumega. Ulikuwa wa jana. Aliniangalia, na mie nikamwangalia, na sote tulijua kuwa Abdulwahid angekuwa hai ule mkate ungetangazwa mpaka Uroa.

Nadra akarudi. Akakaa barazani, akamwambia wazi, kwa upole, kwamba chumba chake kiko pazuri. Gari haliingii vichochoroni, kampuni inataka pa kuwekea makreti, na watu wa Kiponda wanamheshimu. Tanuri livunjwe, yeye apumzike, awe wakala wao wa mtaa, akae kitini, mkate uje umeiva. Jibu si leo, alisema. Atarudi Jumatatu baada ya arobaini ya marehemu.

Na kwa wema wake tu, kutaka kumfurahisha mzee, akaongeza kuwa wao wawili ndio waliomsaidia sana, maana yeye alikuwa haijui Kiponda hata kidogo.

"Sisi wawili nani?" Jecha akauliza.

"Weye na marehemu. Weye ulinipa maduka yake. Nilipovuka pale, yeye akanipa yako yote. Na juisi ya ukwaju juu yake."

Jecha akainamisha kichwa. Mie niliyekuwa napita nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na nilivaa ndara. Nikadhani atalia. Mabega yakaanza kumtikisika, na kumbe anacheka, anacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Kakupa ukwaju," akasema. "Mie nilikupa kiti tu. Hata hapo kanishinda, mwana izaya yule."

Lakini alipoingia ndani hakucheka. Bi Riyama anasema alikaa mbele ya mdomo wa tanuri akaliangalia, na akamuuliza kama anamuona yeye ni mtu wa kukaa kitini kupokea makreti. Bi Riyama akamjibu kuwa yeye anamuona mtu anayeuza mkate wa jana. Kwa hiyo na yeye alikuwa anajua. Mtaa huu hauna siri ila moja, ile ya Talib, nayo nshakutajia.

Arobaini ikakaribia. Bi Ummkulthum yuko edani, hatoki, haonekani na wanaume wa kando, maneno yake yanatoka kwa wanawake wenzake. Akamtuma shoga yake, Bi Riyama, kwa Jecha. Ujumbe ulikuwa huu: siku ya hitma ya mume wangu sitaki mkate wa gari. Nataka watu wanywe chai kwa boflo la habbasoda, kama alivyokuwa akilichoma, na lichomwe kwenye tanuri lake. Na mkono uliofundishwa na mwalimu wake umebaki mmoja hapa duniani.

Jecha akasema haiwezekani. Alisema mengi, kwamba mkono wake haujapata kushika habbasoda, kwamba toka ujana kaiita inzi mbele ya ulimwengu, kwamba watu watamcheka mpaka Tumbatu. Bi Riyama akamwachia amalize.

"Basi nenda kawachome inzi, Jecha," akamwambia. "Mwenye nyumba kawataka."

Siku ya hitma, mapema, mlango wa Abdulwahid ukafunguliwa kwa mara ya kwanza toka matanga. Talib alikuwa kaomba ruhusa kazini na moto keshauwasha, taratibu, tangu siku za nyuma, kama inavyotakiwa. Maana yule mtoto kazi anaijua, kakulia ndani ya moshi ule, ni kuikimbia tu alikoikimbia. Jecha akaingia kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya mchawi. Akaanza kulaumu. Mlango wa tanuri umejengwa chini, wa mtu mfupi. Sakafu ina mteremko. Kuni zimepangwa na kipofu. Talib alikuwa akiitikia naam ami, ndiyo ami, kwa adabu zote.

Jecha akaukanda unga, akaukata, akaunyoosha, akaja kwenye habbasoda. Akazishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota kitu cha paka. Akazimwaga rundo moja juu ya mkate mmoja. Talib akashindwa kujizuia.

"Ami, huo utatia shimo tanuri la watu. Nanga zako kachomee kwako."

Mie nilikuwa nimeshika kreti la vikombe mlangoni, nikalikumbatia. Ilikuwa sauti ile ile. Ile ile, mpaka ule mkunjo wa mdomo upande wa kushoto. Talib mwenyewe akashtuka, akaanza kuomba radhi, samahani ami, umenitoka ulimi.

"Usiombe radhi," Jecha akamwambia. Alikuwa kageukia ukutani. "Sema tena."

Talib akasema tena. Jecha akajifuta uso kwa mkono wenye unga, akatugeukia kama jini, akamjibu kuwa mtoto anayebebeshwa mikate ya nailoni hana ruhusa ya kusema mbele ya wachomaji. Ikawa ndiyo hiyo, mpaka mkate wa mwisho ulipotoka. Mle ndani palikuwa na matusi ambayo nimeyaandika pembeni kwa matumizi yangu binafsi.

Hitma ikasomwa, dua ikaombwa, chai ikapita, na maboflo ya habbasoda yakapita. Watu wa nyumba za Abdulwahid walikula macho wamefumba. Mzee mmoja akasema hili hasa ndilo. Mwengine akasema hapana, marehemu alikuwa akizidisha habbasoda kidogo. Mtu wa nyumba ya Jecha, aliyekuwa kala matatu, akasema si baya lakini lisingekuwa na inzi lingekuwa zuri zaidi. Sheikh akakohoa. Halikusaidia, tulikuwa tumeshagawika, kwenye arobaini ya watu, Mungu atusamehe.

Na asubuhi yake mlango wa Jecha ulikuwa umejaa. Unajua nani? Watu wake. Wamekuja kwa hasira. Wameona habbasoda imesifiwa jana na wao wamenyamaza, wakaja kununua kwa kijicho. Jecha akatoa mkate wa mwanzo, akaugonga kwa kucha. Haukuwa wa jana.

Jumatatu Nadra akaja kuchukua jibu. Jecha hata kiti hakumtolea, alikuwa na kazi.

"Chumba sina, mwanangu. Nna mtu mbele yangu nagombana naye. Nikihama atasema kanishinda."

Nadra akageuka, akautazama mlango wa mbele. Umefungwa. Talib saa hizo yuko njia ya Uroa, anashusha mikate ya Nadra mwenyewe mahotelini. Nadra hakusema hilo. Alinunua boflo moja, akaniuliza mie la habbasoda linapatikana lini, nikamwambia Ijumaa.

Maana ndivyo walivyokubaliana. Siku za kazi Talib anaendesha keri ya kampuni, na Ijumaa, siku yake ya mapumziko, anawasha tanuri la babaake na kuitukana nanga. Siku nyengine Jecha anachoma peke yake na watu wanakuja wachache. Sitakudanganya kwamba kampuni imeshindwa. Kampuni haijui hata kama kuna mchezo. Maduka yote ni yake, rafu zote zina taa, na unga wa Jecha mpaka leo unatoka kwenye kinu kile kile. Ijumaa ikijaa, Jecha anasema, inamvusha wiki. Ijumaa mbili zikipita tupu, namba ya Nadra anayo, kaibandika ukutani juu ya pipa la unga, na mwezi uliopita Ijumaa moja ilikuwa tupu. Mvua ilinyesha. Mvua, nyinyi watu wa urithi wetu.

Nimeshajaribu kuitukana kampuni, kwa ajili ya utafiti. Niliwaandikia kuwa mkate wao una ladha ya sponji. Walinishukuru kwa maoni yangu. Utagombana vipi na kitu kama hicho?

Basi nakuomba jambo moja. Ijumaa hii, baada ya sala ya alfajiri, njoo Kiponda. Simu iache kwenu. Simama katikati ya kichochoro, chagua mlango, nunua. Kisha kabla hujaondoka mgeukie yule uliyemwacha, umwambie mkate wake mbovu. Sema kwa sauti, Jecha masikio yameanza kupungua.